Shajara ya mradi: ekari ambazo hazikuingia kwenye jedwali

Wiki ya 1, Septemba

Tumeanza. Tuko wanne: mimi, mwenzangu wa takwimu anayekaa Tanga mjini, afisa ugani mstaafu ambaye malipo yake ni chai, na kijana mwenye pikipiki. Swali tuliloandika ukurasa wa kwanza wa daftari ni hili: hali ya hewa ikivurugika, tija ya shamba la mkulima wa Muheza inashuka kiasi gani? Nimelipigia mstari mara mbili. Habari za mwaka wa jua na mwaka wa mafuriko zimejaa kila baraza. Tunazitaka zikiwa zimepimwa.

Vijiji ni vitatu na hatutavitaja, ndivyo tulivyokubaliana na wenyeviti. Kimoja kiko juu, njia ya Amani, kwenye iliki na pilipili manga. Cha pili kiko chini kwenye michungwa. Cha tatu kiko upande wa barabara ya Pangani, mashamba yamepakana na mkonge. Kwenye daftari vinaitwa Mlimani, Bondeni na Nyikani. Wakulima wanane kila kijiji. Zao la kupimia ni mahindi, maana huku kila mtu analima mahindi, hata yule anayekwambia halimi.

Misimu ni mitatu: vuli 2022 iliyokuwa na mvua haba, vuli 2023 ya El Niño, na vuli hii inayokuja, ambayo tutaipima wenyewe tangu mbegu ya kwanza. Masika ya Machi hadi Mei nayo ina vituko vyake, lakini vuli ndiyo inayoyumba zaidi, kwa sababu mvua za Oktoba hadi Desemba zinafuata sana joto la bahari. Pasifiki ikipata El Niño, na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakawa ya moto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli inafurika. Oktoba 2019 ilikuwa hiyo bahari yetu peke yake, bila El Niño ya maana, na Handeni na Korogwe wanaikumbuka kwa mafuriko. Bahari ikigeuka upande wa pili, mvua inakuwa kama msemo wa mji wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Wiki ya 2

Hela ya vipima mvua vya dukani hatuna. Tumetengeneza vyetu kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Unakata shingo, unaigeuza juu chini na kuichomeka iwe mpare. Chini unatia kokoto ili upepo usiiangushe, kisha unamimina maji mpaka pale ambapo chupa imeanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Karatasi ya milimita unaibandika nje kwa gundi ya plastiki. Kazi kubwa ni kupata chupa isiyo na mikunjo, maana siku hizi karibu zote zina kiuno kama dondola. Tulizunguka maduka matatu ya Muheza mjini tukipapasa chupa, muuza duka akituangalia tu.

Nyikani tulimweleza mzee mmoja kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Akataka hesabu ya ekari. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita moja ni zaidi ya lita elfu nne, yaani madumu mia mbili na zaidi ya lita ishirini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mkaja kuniambia nimwagilie." Wiki nzima tumekuwa tukilirudia hilo kwenye pikipiki.

Kusoma ni saa tatu asubuhi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Isiponyesha, andika sifuri. Tumelisema hili la sifuri mpaka tumechoka. Nafasi iliyoachwa wazi haikuambii kama mvua haikunyesha au mtu alikwenda msibani.

Wiki ya 4

Tatizo la kwanza ni gunia.

Nilidhani "umevuna gunia ngapi?" ni swali jepesi. Kwenye hesabu za wengi gunia ni debe sita, kilo mia na kidogo. Lakini wapo wanaohesabu gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu kilichoshonwa kwa kamba. Wapo wanaohesabu gunia la mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, ambalo ukilipukuchua unabaki na pungufu ya nusu. Bibi mmoja wa Mlimani hapimi kwa gunia kabisa. Anakumbuka mahindi yalifika boriti ya ngapi kwenye dari juu ya moshi.

Halafu kuna mahindi mabichi. Mwaka wa njaa watu wanaanza kuchuma mapema, ya kuchemsha na ya kuchoma, na mengine yanauzwa stendi. Hayo hayajawahi kuitwa mavuno. Ukimwuliza mtu amevuna nini anakutajia yaliyokauka, na yaliyomvusha Desemba hayatajwi. Tumeongeza swali: mabichi mlikula siku ngapi, na kwa siku magunzi mangapi? Majibu ni ya kukisia, ila kukisia ni bora kuliko kuweka sifuri.

Wiki ya 5

Nimeona ajabu. Kwenye daftari la kituo cha Nyikani, mvua zote za Oktoba zimenyesha Ijumaa.

Nilijaribu kulitafutia maelezo ya kitaalamu. Afisa ugani alitazama mara moja akacheka. Bwana anayetusomea chupa ana shamba mbali na nyumbani. Siku ya kuja kijijini ni Ijumaa, kuswali, na akitoka msikitini anapitia chupa. Anasoma kilichokusanyika wiki nzima, anaandika tarehe ya siku hiyo. Hakudanganya hata tone, ila kwa mahindi mvua ya milimita arobaini kwa siku moja si sawa na milimita sita kila siku kwa wiki. Ya kwanza inatiririka na kuondoka na udongo, ya pili inanywewa. Tena wiki nzima ya jua maji yanakauka chupani kabla hajayafikia.

Tumehamishia chupa shule ya msingi. Wanafunzi wa darasa la sita wanasoma kwa zamu na kuandika ubaoni. Tangu hapo mvua inanyesha siku zote za wiki.

Wiki ya 6

Jedwali la kwanza la misimu ya nyuma limetoka. Mwenzangu ameweka mvua kutoka CHIRPS, takwimu za setilaiti zilizoanzia 1981 zenye vipande vya kama kilomita tano kwa tano, pembeni ya gunia kwa ekari walizotutajia. Kwa Mlimani vipande hivyo havifai sana, maana upande mmoja wa kilima unaloa na wa pili unasikia harufu tu. Kwa kuona msimu mzima vinatosha.

Ilivyotoka: vuli 2022 mvua iko chini, kama tulivyotarajia. Vuli 2023 iko juu sana. Lakini gunia kwa ekari hazijatikisika. Bondeni, mwaka wa ukame unaonekana afadhali kuliko mwaka wa mvua.

Mwenzangu alifurahi. Alishaanza kuandika kwamba wakulima wa Muheza wana uwezo mkubwa wa kuhimili. Mimi tumbo lilinikataa. Desemba 2022 nilikuwepo. Niliona watu wakinunua sembe kwa kisado, watu ambao kwa kawaida ndio wanaouza.

Wiki ya 7

Nimekwenda kwa shangazi Bondeni, dada yake baba, ambaye ni mmoja wa wale wanane. Shikamoo, marahaba, chai ya mchaichai, kisha nikatoa fomu yake. Vuli 2022: ekari 1, gunia 5. Vuli 2023: ekari 2, gunia 9. Nikamwambia, shangazi, kwa hesabu yako mwaka wa jua ulivuna tano kwa ekari, na mwaka wa mvua nne na nusu.

Akaniuliza, "Ekari ipi hiyo?"

Si uliyolima, nikamjibu.

"Mwanangu, wewe uliniuliza nilivuna ekari ngapi. Nililima tatu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole kwenye mkeka. Shamba lake ni ekari tatu zinazoshuka kuelekea kijito. Vuli ya 2022 mvua moja ilipiga Oktoba, akapanda zote tatu. Mvua ikakata. Mbegu zilizochipua zikaungua, ambazo hazikuchipua wakala mchwa. Novemba ikanyesha tena, akanunua mbegu nyingine akapanda ekari mbili, ya juu akaiacha. Katika hizo mbili ya katikati ilitoa mbelewele, lile ua la kileleni, bila mahindi ya maana, wakakatia mbuzi. Iliyobaki ni ile ya kijitoni, na hiyo ndiyo iliyotoa gunia tano. Vuli ya 2023 mambo yakawa kinyume. Kijito kikapanda na kuifunika hiyohiyo ya chini, zikabaki mbili za juu.

Kwa ekari alizopanda, 2022 ni gunia tano kwa ekari tatu, hazifiki mbili kwa ekari. 2023 ni gunia tisa kwa tatu, yaani tatu. Kwenye fomu yangu zilikuwa tano na nne na nusu. Ukame ulikuwa umechagua sehemu nzuri ya shamba ukaiacha, sisi tukaja kuipima hiyo tu na kusema shamba ni zima.

Na hapo mbegu haijaingia. Kwa kilo kumi za ekari, 2022 alipanda kilo hamsini kupata gunia tano. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari.

Nilimpigia mwenzangu simu nikiwa bado mkekani. Alikaa kimya, halafu akasema maneno ambayo shangazi aliyasikia na hakuyapenda.

Wiki ya 8

Tumerudi kwa wote ishirini na nne na fomu mpya. Ulisafisha ekari ngapi, ulipanda ngapi, ulirudia kupanda ngapi, ulivuna ngapi? Mbegu mara ngapi, za kununua au za kuchagua kwenye magunzi ya nyumbani? Palizi ya kwanza siku ya ngapi tangu kupanda, na nani alipalilia?

Pikipiki imekula mafuta ya mwezi kwa wiki moja. Watu wawili walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja alisema tumekuja mara ya tatu kumkumbusha msimu anaotaka kuusahau.

Usiku nimesoma. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi wa takwimu za wakulima wadogo wa Peru. Joto kali linashusha tija, na wakulima wanajibu kwa kupanua eneo wanalopanda na kubadilisha mchanganyiko wa mazao, hasa kuelekea mazao ya mizizi. Mtu asiye na bima wala akiba anaongeza jembe ili kapu lisipungue. Ukitazama jumla ya chakula unaona hakujatokea kitu kikubwa, kumbe amelima zaidi kupata kilekile. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine kuhusu tija ya jumla ya kilimo duniani, ile inayogawanya mazao kwa ardhi, nguvukazi, mbolea na pembejeo zote kwa pamoja. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameipunguza kwa asilimia 21 tangu 1961 kulinganisha na ambavyo ingekuwa, na katika maeneo ya joto kama Afrika, Amerika ya Kilatini na Karibi ni asilimia 26 hadi 34. Mavuno yenyewe dunia nzima yalikuwa yanapanda miaka yote hiyo. Kwa hiyo hasara hiyo ukiitafuta kwenye gunia huioni, ipo kwenye vilivyotumika kulijaza.

Nilikuwa nimesoma tafiti hizi kabla hatujaanza, hata kalamu ya njano imo pembezoni. Bado nilikwenda na fomu yenye ekari moja tu.

Wiki ya 9

Msimu wetu wenyewe. Bondeni na Nyikani walipanda, mvua ikasimama. Sifuri kumi na moja mfululizo kwenye ubao wa shule. Wengi wa Nyikani wanarudishia mbegu palipokufa, baadhi wanarudia shamba zima.

Viwavijeshi vamizi vimeingia. Tangu vifike nchini 2017 wanakijiji wanajua vinapenda mahindi yaliyodumaa kwa jua. Mlimani wanatia majivu au mchanga mkavu kwenye moyo wa mmea, kidole na kikopo, shina kwa shina. Hiyo nayo ni siku za kazi ambazo hakuna aliyeniambia mpaka nilipokuta mtu ameinama.

Wiki ya 10

Mbolea. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 imewafikia baadhi ya wakulima wetu, na mmoja wa Bondeni alinunua urea mapema, akaogopa kuitia. Ukiimwaga juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo, bila mvua ya kuizamisha, sehemu yake inageuka hewa ya amonia na kuondoka. Ukiitia mkesha wa mvua ya gharika inashuka na maji mpaka mahali mizizi haifiki. Ameuweka mfuko chini ya kitanda akisubiri mvua ya kati na kati. Mpaka tunaondoka ulikuwa hapohapo, umeanza kuganda.

Afisa ugani anasema huyu msimu ujao hatanunua. Nami naamini hivyo. Mvua mbaya ya mwaka huu inaingia kwenye mavuno ya mwaka kesho kwa njia ya mfuko usionunuliwa, na hakuna kipima mvua kitakachoionyesha.

Wiki ya 12, Desemba

Leo sikuuliza mtu kitu. Nilichuchumaa kwenye mahindi ya Nyikani tangu saa mbili mpaka saa sita.

Mbelewele zimefunguka, unga wa njano unadondoka ukigusa shina. Ndevu bado hazijatoka kwenye nusu ya mimea. Hapa ndipo kitu chote kilipo. Kila uzi wa ndevu umeshikamana na punje moja, na usipopata chavua kwa wakati wake punje hiyo haitajazwa. Uzi unarefuka kwa maji. Maji yakipungua unachelewa, lakini mbelewele haimsubiri mtu, inamwaga chavua kwa ratiba yake. Siku tano za kupishana zinatosha kukupa gunzi lenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Joto likizidi sana chavua yenyewe inakufa kabla haijafika.

Kipimajoto tulichokitundika kwenye kisanduku kilichotobolewa, kivulini, kilisoma 34 saa saba. Vuli kwetu inachanua wakati pwani inaelekea kwenye joto lake kubwa la mwaka, wakati mahindi ya masika yanachanua hali ikianza kupoa. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika uliotoka 2011 ulikuta kwamba kila digrii-siku juu ya nyuzi 30 inapunguza mavuno kwa asilimia 1 mvua ikiwa nzuri, na kwa asilimia 1.7 kukiwa na ukame. Digrii-siku moja ni kama kukaa kwenye nyuzi 31 kwa saa 24. Ukame na joto havijumlishwi tu, kimoja kinamshikia mtu mikono, kingine kinampiga.

Ng'ambo ya njia mkonge umesimama kama hausikii. Mmea huu unafungua vinyweleo vyake usiku na kuvifunga mchana. Mjerumani Hindorf aliuagiza kutoka Florida 1893. Katika miche elfu moja aliyoagiza ilifika hai 62, na mashamba yote ya Tanga yalianzia hapo. Mkonge hauliwi, lakini leo niliutazama kwa wivu.

Wiki ya 14

Nyikani, saa nne asubuhi, mashambani hakuna mtu. Majani yamefika magotini katikati ya mahindi.

Wamekwenda vibaruani, kupalilia mkonge na michungwa ya watu. Mama mmoja alinieleza huku akiwa anafunga kanga: mwanawe wa shule anataka kula leo, mahindi yake yatakuwa tayari Februari. Kupalilia ekari moja kwake ni siku nane, tisa. Siku hizo anaziuza kwanza, shamba lake litapata zitakazobaki. Na kwa kuwa kila mtu anauza siku zake wakati mmoja, bei ya kibarua imeshuka.

Kwa hiyo upungufu wa mahindi yake mwaka huu si wa jua peke yake. Kuna palizi iliyochelewa wiki tatu, kwa sababu njaa iliyoletwa na jua ilichukua mikono yake. Kwenye takwimu hilo litaandikwa "ukame". Sijui kama ni kosa kuliandika hivyo. Ila mtu akija na mbegu inayostahimili ukame na kuiacha mikono palepale, mama huyu atakuwa na mbegu bora kwenye majani.

Nimemwuliza kama bei ya mahindi haitapanda ikamfidia kidogo. Akacheka. Lori za mahindi kutoka Iringa na Songea zinafika Muheza mvua ya hapa inyeshe isinyeshe. Mavuno yake yanashuka na bei inabaki ya nchi nzima. Kwa anayenunua ni nafuu, na yeye Januari atakuwa mnunuzi, kwa hiyo hajui afurahi au alie.

Wiki ya 15

Hakuna jipya. Mvua ilinyesha vizuri Mlimani. Chupa moja imeibwa, nadhani kwa ajili ya mafuta ya taa.

Wiki ya 20, Februari

Kupima mavuno. Safari hii hatuulizi, tunakata wenyewe. Kamba ya mita tano kwa tano, inatupwa mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, si mahali panapopendeza. Kuna mwenye shamba aliyetaka kutusogezea kamba upande wenye mahindi manene, tukaanza kubishana kwa heshima. Tumeshika pia sehemu zilizopandwa zisizo na kitu. Tunatupa kamba, tunaandika sifuri, mwenye shamba anatutazama kama tumepungukiwa.

Mita ya unyevu iliyoazimwa imekufa betri siku ya pili. Afisa ugani akaomba chupa kavu na chumvi kavu. Unatia mahindi, unatia chumvi, unatikisa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15 hivi. Isipogandia, yamekauka vya kutosha kuweka ghalani. Haikupi namba ya kurekebisha uzito, kwa hiyo kila sampuli tumeianika tena mpaka ikapita mtihani wa chumvi ndipo tukapima. Siku tatu za jua, watoto wakifukuza kuku.

Wiki ya 22

Mkutano wa kurudisha majibu, Bondeni, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji.

Tuliacha grafu nyumbani. Mwenzangu alileta wazo zuri kuliko yote aliyonayo: punje mezani. Kwa kila mkulima aliyekubali, aliweka safu mbili za punje. Ya kwanza ni gunia kwa ekari zilizovunwa, ya pili ni gunia kwa ekari zilizopandwa. Vuli 2022, vuli 2023, vuli hii. Safu za kwanza zilikuwa karibu sawa. Za pili zilikuwa kama ngazi iliyovunjika.

Watu walisogea. Mzee mmoja alizihesabu punje zake mwenyewe, akachukua moja akairudisha kwenye bakuli, akasema tumemwongezea. Tukakagua fomu. Alikuwa sahihi, tulihesabu na gunia za mdogo wake.

Mwenyekiti wa kitongoji akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake mfukoni: wale wanaokuja na fomu kutoka wilayani wanauliza ekari ipi? Nikamwambia mara nyingine wanauliza zote mbili, na uchunguzi mkubwa wa kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu tangu 2008/09 unauliza eneo lililopandwa na lililovunwa, na hata sababu ya tofauti. Namba zipo. Anayechukua gunia akazigawanya kwa eneo lililovunwa peke yake, kama nilivyofanya mimi, amezitupa. Akaitikia kwa kichwa bila kuridhika.

Shangazi hakusema kitu mkutano mzima. Tukiwa tunakunja mkeka akaniambia ekari ya juu hatapanda tena mahindi ya vuli. Ameshaomba pingili za mihogo ya Kiroba kwa jirani. Mihogo inakaa chini ikisubiri mvua, hata ikichelewa mwezi. Kuhusu ugonjwa wa michirizi kahawia anajua, chini ya milima hii ndiko ulikoelezwa mara ya kwanza miaka ya 1930, na mihogo ya bibi yake iliwahi kuozea ardhini. Amechagua hatari ambayo walau anaifahamu.

Wiki ya 24, Machi

Masika yanakaribia. Chupa zimeoshwa, kokoto mpya, karatasi mpya za milimita. Shule imekubali kuendelea, ila darasa la sita sasa ni la saba na lina mitihani, kwa hiyo tunafundisha upya, tukianzia na sifuri.

Fomu ya masika imechapwa. Swali la kwanza ni ekari zilizopandwa. Nilipofika kwa shangazi kumjazia, akataka niandike mihogo kwenye ekari ya juu. Fomu haina mahali pa mihogo, ni ya mahindi tu. Akanisubiri. Nikakata kipande cha karatasi ya daftari, nikakibandika pembeni kwa ugali wa jana, maana gundi ilikuwa imeisha, nikachora mistari: pingili ngapi, za nani, tarehe. Akakisoma, akasema nimesahau kuweka nafasi ya siku za jembe.